Chai ya tangawizi juu ya maumivu: fasi inasaidia, na fasi inatudanganya

Asubui ya baridi huku kwetu Kivu, mbele hata makala ishike moto vizuri ku mbabula, kuko nyumba nyingi ambamo mama amekwisha kutwanga kipande cha tangawizi. Mutoto anakohoa: tangawizi. Baba ameamuka na mugongo unamuuma: tangawizi. Musichana amejikunja ku kitanda juu ya siku zake za mwezi: tangawizi tena, na sukari kidogo, na ndimu kama iko. Ukipita ku soko ya Virunga kule Goma ao Kadutu kule Bukavu, hautakosa mama mwenye kuipanga chini mu mafungu madogo madogo, pembeni ya vitunguu saumu.

Hapa ku radio, kila mara tunapozungumuza juu ya afya, swali moja linarudi, hata kama emisyo ya siku ile ilikuwa juu ya chanjo ao maji safi: chai ya tangawizi inaondoa maumivu kweli, ao ni maneno ya wakubwa tu? Mu mikro wakati ni kidogo, tunajibuaka kwa maneno mawili na muziki unaingia. Hapa kuko nafasi ya kujibu vizuri. Na jibu ni kama hili: ndiyo, kuko maumivu ambayo tangawizi inapunguza, na wachunguzi wameipima. Lakini inapunguza kidogo kidogo, kwa kipimo chake, na kuko maumivu mengine ambayo, ukikaa kuyatibu na chai, unaweza kupoteza mutu.

Tuanze na kitu chenyewe. Ile tunaitaka muzizi, si muzizi. Ni shina ambalo linalala chini ya udongo, na njo maana ukiacha kipande mu kona ya jikoni wiki mbili, kinatoa macho na kuanza kuota. Mutangawizi haupatikani ukijiotea mu pori; ni watu wa Azia njo waliupanda tangu zamani sana, na India na China waliutumia kama dawa miaka maelfu mbele ya farmasi ya kwanza kufunguliwa. Huku kwetu tulipokea mumea pamoja na jina lake. Hata mu Lingala ya Kinshasa, ile maji kali wanauzaka mu chupa ku barabara wanaiita tangawisi.

Ukali ule unaochoma ulimi ndio dawa yenyewe. Mu tangawizi mbichi kuko kitu kinaitwa jinjeroli. Ukikausha tangawizi, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ni juu ya hiyo unga wa tangawizi kavu unachoma kupita tangawizi ya jana sokoni.

Sasa vitu hivyo vinafanya nini mu mwili? Tuwaze namna hii. Motari ameanguka ku kona ya barabara. Mara moja watu wanakimbia, mumoja analia, mwingine anapiga klakso, mwingine anaita polisi. Mu dakika mbili kona nzima ni kelele. Mwili nao uko vile. Fasi imeumia, mwili unatengeneza vitu vinaitwa prostaglandini, na hivyo njo vinapiga kelele: fasi ile inavimba, inapata moto, inauma. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zinafanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini nyingi. Tangawizi inapita karibu mulango ule ule, lakini haifungi mulango kabisa. Inausukuma tu. Kelele inapungua, haiishi.

Kwa hiyo mutu asikudanganye kusema ni maneno ya wakubwa tu. Lakini pia mutu asikuuzie chupa ku 10 000 franka akisema inamaliza maumivu yote mu mwili.

Maumivu ya mwezi

Hapa njo fasi tangawizi imepimwa vizuri kupita fasi zingine, na mimi naona ni fasi tunaongea juu yake kidogo kupita zote, juu ya haya. Musichana anakosa masomo siku mbili kila mwezi, mwalimu anaulizia, nyumbani wanajibu kama ana malaria. Mwezi unaofuata tena malaria. Wenzake wanajua, mwalimu mwenyewe pengine anajua, lakini hakuna mwenye kusema.

Wakati wa siku za mwezi, tumbo la uzazi linajikaza kusudi litoe damu, na kinacholikaza ni prostaglandini, zile zile za motari wetu. Musichana mwenye kuwa nazo nyingi anaumwa zaidi kupita mwenzake. Si uvivu na si kujifanya. Na kwa sababu tangawizi inapunguza prostaglandini, wachunguzi waliona ni vizuri kuipima fasi hiyo.

Mu mwaka 2009, wachunguzi wa Irani walichapisha kazi waliyofanya na wanafunzi wasichana 150 wa chuo kikuu. Waliwagawa mu vikundi vitatu. Kundi moja lilimeza unga wa tangawizi, miligrame 250 mara ine kwa siku, kwa siku tatu tangu damu ilipoanza. Kundi lingine lilipewa ibuprofeni, na la tatu dawa ingine ya farmasi ya aina ile, inaitwa asidi mefenamiki. Ku mwisho, vikundi vyote vitatu vilipata nafuu, na haikuonekana tofauti kubwa kati yao. Nyuma ya pale kazi zingine zilifanywa fasi mbalimbali, na nyingi zinaelekea upande ule ule: kati ya miligrame 750 na 2 000 kwa siku, mu siku tatu ao ine za kwanza, inapunguza maumivu.

Muangalie kipimo vizuri. Miligrame 250 mara ine inafanya grame 1 kwa siku. Grame 1 ya unga wa tangawizi kavu ni karibu nusu ya kijiko kidogo cha chai. Si kidogo sana, si nyingi sana. Tena, wale wasichana walianza siku ya kwanza, hawakungojea siku ya tatu wakati maumivu yamekwisha kuwachosha. Wamama wengi wanakosea hapa: wanaleta chai wakati mutoto amekwisha kulia usiku muzima, kiisha wanasema haina nguvu.

Lakini kuko maumivu ya mwezi ambayo si ya chai. Kama yanaongezeka kila mwezi, kama damu inatoka nyingi mpaka anabadilisha nguo kila saa, kama tumbo linauma hata inje ya siku zake ao wakati wa kukaa na bwana yake, afike ku kituo cha afya wamuangalie. Na kama mwanamuke alikuwa amekosa kuona mwezi, kiisha siku moja anashikwa na maumivu makali upande mumoja wa tumbo, anasikia kizunguzungu, mutu asitie hata maji ku moto. Inaweza kuwa mimba iliyoshika inje ya tumbo la uzazi. Ile ikipasuka, damu inamwagika ndani na mama anaweza kufa mu saa chache. Hiyo ni ya kukimbiza hospitali, hata usiku.

Mugongo wa mubebaji na magoti ya muzee

Bukavu kuko wamama wenye kubeba mizigo ku mugongo, kamba ku kipaji cha uso, wanapandisha milima ile na unga, na muhogo, na makala. Goma kuko wamotari na wasukumaji wa chukudu, wote wanatingishika siku nzima ku barabara za mawe ya volkano. Watu hawa mangaribi wanafika nyumbani mwili wote unauma. Wengi wanakunywa chai ya tangawizi. Wengine wanapita ku meza ya muuza dawa wa pembeni ya barabara kununua kinini mbili za rangi, bila kujua jina lake.

Juu ya maumivu ya musuli, kuko kazi moja ya mwaka 2010 kutoka chuo kikuu cha Georgia, Marekani. Watu walikula grame 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11. Kati kati ya siku zile waliwafanyisha mazoezi mazito ya mukono, ya kuumiza musuli kwa makusudi. Wale wa tangawizi waliumwa kidogo kupita wengine, tofauti ilikuwa karibu robo. Robo si kitu cha kudharau kama kesho unarudi kubeba. Wengine mu kazi ile walipewa tangawizi mbichi, wengine ile iliyopitishwa ku moto, na zote mbili zilisaidia karibu sawa. Kwa hiyo kuchemusha hakuondoi nguvu yake, wamama wetu hawakukosea.

Tu, wachunguzi wale wale waliona pia kama kukunywa mara moja, mutu akingojea nafuu palepale, haikusaidia. Tangawizi haitumike sawa kinini ya kichwa unameza saa moja na saa mbili umesahau. Inataka siku nyingi, kidogo kidogo, kila siku.

Wazee nao wanaulizaka juu ya magoti. Mu mwaka 2001 walichapisha Marekani kazi juu ya watu 247 wenye magoti yaliyokula na uzee. Nusu walipewa dawa yenye nguvu ya tangawizi kwa wiki sita, nusu ingine walipewa kidonge kinachofanana nayo lakini ndani hakuna kitu. Ku mwisho, kati ya kila watu 100 wa tangawizi, 63 walisema goti linauma kidogo kupita zamani wakisimama. Na wale wa kidonge kisicho na kitu? 50 kati ya 100 nao walisema wamepata nafuu.

Musome tena namba hiyo ya pili. Watu 50 kati ya 100 walipata nafuu na kitu kisicho na dawa ndani. Hawakusema uongo. Maumivu ya goti yana siku zake mbaya na siku zake nzuri, na mutu mwenye kutunzwa na kuulizwa habari yake kila wiki anajisikia vizuri zaidi. Faida ya tangawizi yenyewe ni ile kati ya 50 na 63. Iko, lakini ni ndogo, na wale walioipata walilalamika zaidi juu ya kiungulia na tumbo kupita wenzao. Ninaiweka hapa kwa sababu itatusaidia kuelewa jambo la nyuma, lenye uzito kupita magoti.

Kichwa kinachouma huku kwetu

Juu ya kichwa, kuko tena kazi ya Irani, ya mwaka 2014, na watu 100 wenye kuumwa ile kichwa ya upande mumoja, inayorudia rudia, yenye kutapisha na kuchukia mwangaza, wanaiita migreni. Nusu walipewa unga wa tangawizi miligrame 250, nusu sumatriptani, dawa ya farmasi ya ugonjwa huo. Nyuma ya saa mbili, pande zote mbili zilipata nafuu karibu sawa. Ni kazi moja tu na watu si wengi, lakini mutu mwenye migreni, anayeijua vizuri kwa miaka, anaweza kujaribu.

Shida ni kama huku kwetu kichwa kikiuma, kitu cha kwanza cha kuwaza si migreni. Ni malaria.

Nitawaelezea jambo la nyumba yetu wenyewe. Mutoto wa dada yangu, wakati ule alikuwa na miaka mine, aliamuka siku ya kwanza na kichwa na mwili wa moto. Ilikuwa majira ya mvua, watoto wote wa lupango walikuwa na mafua. Tulichemusha tangawizi na ndimu, akakunywa, akatoka jasho, mangaribi akacheza. Tukafurahi. Siku ya pili moto ukarudia. Chai tena, jasho tena, akapata nafuu tena, tukasema munaona, dawa inatumika. Siku ya tatu usiku alitapika chai yote, akaanza kutetemeka na macho kugeuka. Tulimubeba ku moto saa nane ya usiku. Ku kituo walimutoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, na ilikuwa imekwisha kuwa ile kali. Walimuchoma sindano za artesunati, akalala pale siku ine. Alipona. Leo ni mutoto mwenye kelele kupita wote mu lupango.

Muganga alituuliza swali moja tu: juu ya nini mulingojea siku tatu? Hatukuwa na jibu. Dada yangu si mujinga, na mimi hii radio njo kazi yangu. Tulidanganywa na kitu kimoja ambacho ningependa kila muzazi akijue. Moto wa malaria unapandaka na kushuka wenyewe. Mutoto anaweza kuungua asubui, mangaribi akacheza, bila umumupe kitu. Sisi tulikuwa tunamupa chai wakati moto umepanda. Kiisha moto ulishuka, sawa vile ungeshuka hata bila chai, na sisi tukashukuru chai. Ni hesabu ya magoti ile ile: watu 50 walioshukuru kidonge kisicho na kitu. Tofauti ni kama goti linaweza kungojea. Vimelea vya malaria havingojei; mu mutoto mudogo vinaweza kufikia hatua ya kuua mu saa 24 tu tangu moto uanze.

Kwa hiyo mu nyumba yetu sheria ilibadilika. Moto ku mwili, pamoja na kichwa ao bila kichwa: kipimo kwanza, siku ile ile, ku kituo cha afya ao kwa reko wa kijiji fasi reko ana vipimo na dawa. Chai inaweza kufuata nyuma, kwa kupasha tumbo. Mutoto mwenye kukataa kunyonya ao kukunywa, mwenye kutapika yote, mwenye kulala mpaka haamuki vizuri, mwenye kutetemeka ao kupauka, yeye hata kipimo cha ku kijiji kisimucheleweshe, aende moja kwa moja.

Watu wa Beni, Mangina na Butembo hawana lazima ya kuambiwa sana. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ambayo ilimalizika mwezi wa 6 mwaka 2020, iliua watu kupita 2 200, na siku za kwanza za ugonjwa ule zilifanana na malaria kabisa: moto, kichwa, musuli kuuma, uchovu. Mutu aliyekaa nyumbani na dawa za majani siku tatu alikuwa anapoteza siku zake nzuri za matibabu, na wale waliomupangusa jasho walikuwa wanaingia mu hatari pamoja naye.

Tumbo, na watu wanaopaswa kujiangalia

Tumbo ni neno kubwa kwetu, linafunika kila kitu kutoka kifua mpaka kiuno. Tangawizi inasaidia kichefuchefu, hilo linajulikana vizuri, hata kwa mama muzito wa miezi ya kwanza anayetapika asubui. Kwake wachunguzi wanatumiaka karibu grame 1 ya unga kavu kwa siku, na ni vizuri asipitishe hapo na amwambie muganga wake siku ya kupima mimba. Lakini mwenye vidonda vya tumbo ao kiungulia cha kila siku, tangawizi kali inaweza kumuongezea moto. Ajaribu kidogo, na ikimuchoma aache.

Maumivu yenye kuanza karibu na kitovu, kiisha yanashuka upande wa kuume chini, mutu hawezi kunyoosha muguu, anasikia homa na hataki kula: huo unaweza kuwa apendisiti, na dawa yake ni upasuaji. Kila saa ya chai ni saa imepotea.

Mwenye kumeza dawa ya kufanya damu isigande, kama warfarini, asianze kukunywa tangawizi nyingi kila siku mbele ya kuuliza daktari, kwa sababu nayo inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Vile vile mutu anayengojea kupasuliwa, na mwenye mawe mu nyongo. Mutoto muchanga mbele ya miezi sita, maziwa ya mama tu, hata tone la chai hapana. Na asali, ambayo wengi wanaongezaka, haipewe mutoto mbele ya kutimiza mwaka mumoja.

Kuko upande mwingine wa jambo hili na haki ni kuusema. Wale wanaoacha kinini za barabarani na kushika tangawizi, wengi wanajifanyia mema. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku, bila chakula, miezi na miezi, zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na muuza wa pembeni ya barabara hatakuambia. Mubebaji mwenye kupata robo ya nafuu ku tangawizi na robo ingine ku kupumuzika siku ya yenga, anabakia na figo zake. (Ile habari ya tangawisi na nguvu za wanaume, ambayo wamotari wanatuulizaka kila mara mikro ikizimwa, tuiache kwa siku ingine.)

Namna ya kuitayarisha kusudi isaidie

Kitu kimoja mbele ya kuweka sufuria ku moto. Mu kazi zile zote za wachunguzi, watu hawakukunywa chai. Walimeza unga ao dawa yenyewe ya tangawizi, yote. Jinjeroli haipendi maji sana. Sehemu kubwa inabakia mu vipande unavyovitupa. Ukichuja chai na kumwaga makapi, umemwaga pia sehemu ya dawa. Kwa hiyo ile chai nyepesi ya rangi ya njano, vipande viwili vikiogelea ndani, inapasha mwili na inanukia vizuri, lakini usiingojee juu ya maumivu.

Kama iko mbichi, muchague ngumu, nzito, yenye ngozi isiyokunjamana. Muioshe vizuri na maji safi, udongo unajificha ku viungo vyake. Ngozi si lazima kuitoa yote. Kwa mutu mukubwa, kipande kinene sawa kidole gumba kinaenea kwa kopo mbili ao tatu za siku moja. Muitwange mu kinu ao muikwangue laini; vipande vikubwa vinatoa kidogo. Mutie mu maji yenye kuchemuka, mufunike sufuria, muache ku moto mudogo dakika 10 mpaka 15. Kiisha mukunywe na makapi yake, ao muyatafune nyuma. Yanachoma, ndiyo.

Kama ni ya kukausha, muikate nyembamba sana, muianike ku jua juu ya kitambaa safi, mufunike na kitambaa kingine juu ya inzi na vumbi, mpaka ikivunjika mu vidole bila kujikunja. Kiisha mutwange na muchunge. Unga wa kujitwangia ni bora kupita ule wa sokoni wa mufuko usio na jina, maana ule haujui walichanganya na nini. Nusu ya kijiko kidogo kwa siku ya kuanza, ikigawanywa mara mbili ao tatu. Mwenye kuumwa musuli anaweza kufika kijiko kimoja kidogo kizima. Kupitisha vijiko viwili vidogo kwa siku haina faida, ni kiungulia tu. Mutie mu chai yenye moto, mukoroge, na mukoroge tena mbele ya kila tone la mwisho, kwa sababu unga unashukaka chini ya kopo.

Sukari muweke kidogo. Ile tangawisi ya chupa, yenye sukari nusu, ni kinywaji cha kufurahisha mudomo, si dawa. Maziwa hayaharibu kitu. Mukunywe nyuma ya kula kitu, si ku tumbo tupu, zaidi wale wenye tumbo dhaifu. Na kama kopo ya usiku inawachoma kifuani mukilala, muisogeze ku saa ya chakula cha mangaribi.